Kuvunjika Mfupa wa Paja: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kuwekewa Chuma

Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko mifupa yote ya mwili. Kwa kijana hauvunjiki ila kwa kishindo kikubwa, kama cha bodaboda iliyoserereka kwenye kona za barabara ya Mbinga–Mbamba Bay. Kwa mzee, kujikwaa tu kwaweza kutosha. Paja lililovunjika huweza kumeza lita moja ya damu au zaidi bila tone kuonekana nje. Kwa hiyo majeruhi asilazwe nyumbani kusubiri asubuhi. Mguu ufungwe pamoja na ule mzima, asipewe chakula, apelekwe hospitali. Mfupa ukitoboa ngozi, funika jeraha kwa kitambaa safi na uharakishe zaidi. Muunga mifupa wa kijijini huheshimiwa, lakini kamba zikikazwa mno huzuia damu, na mguu huoza.

Kuna njia ya kuvuta mguu kwa uzito, mgonjwa akilala wiki 6 hadi 12. Kwa watoto wadogo, njia hii au hogo hutosha mara nyingi. Kwa mtu mzima gharama yake imejificha: mkulima wa kahawa wa Umatengo aliyevunjika mwezi Juni aweza kutoka wodini msimu ukiwa umepita, mguu umefupika na mgongo una vidonda. Upasuaji, ingawa bei yake hutisha, mara nyingi ndio nafuu.

Katika upasuaji huo msumari mrefu wa chuma hupitishwa ndani ya uwazi wa mfupa na kukazwa kwa skrubu. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Mmarekani Lewis Zirkle, lina msumari unaowekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) huutumia. Kinachohitajika zaidi ni daktari aliyefunzwa.

Kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni kilomita 160 hivi. Kabla ya rufaa kutoka Liuli, Litembo au Mbinga, ndugu waombe simu ipigwe kwanza: je, daktari wa mifupa yupo, chuma cha kipimo kinachofaa kipo, damu ipo? Gharama ziandikwe, na kila malipo yawe na stakabadhi.

Chuma hicho ni kifaa tiba chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Ukiambiwa ukinunue nje, kiwe na lebo yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo, nawe uombe zinakiliwe katika faili lako. Vyuma vingine huja bila kutakaswa, na hospitali huvitakasa yenyewe; hiyo si kasoro. Kasoro ni chuma kilichokwisha kutolewa mguuni mwa mtu mwingine.

Baada ya upasuaji wengi husimama kwa magongo ndani ya siku chache, kwa kipimo atakachosema daktari, na mfupa huunga kwa miezi 3 hadi 6. Sigara huchelewesha. Usaha, homa, kuvimba shavu la mguu au kubanwa pumzi humrudisha mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado.