Dondoo muhimu: Kubadilisha kipoza cha chipseti

Chipseti, yaani saketi inayoratibu mawasiliano kati ya prosesa, diski na vifaa vingine kwenye ubao mama wa kompyuta, hupozwa na bati la alumini lenye mapezi au na feni ndogo. Baridi ya Njombe, mji ulio takriban meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, isimdanganye fundi, kwa kuwa hewa nyepesi ya nyanda za juu huondoa joto kidogo kuliko hewa ya pwani, na vumbi la kiangazi, hasa Makambako penye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, huziba mapezi na kukwamisha feni.

• Umeme uchomolewe kwanza, kisha fundi aguse chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli, ambao huweza kuunguza saketi.

• Umbali kati ya matundu ya pini upimwe kabla ya kununua kipoza kipya, na kimo chake kisizuie kadi ya picha.

• Kipoza kilichogandamana kizungushwe taratibu kikiwa na uvuguvugu, wala kisibanduliwe kwa bisibisi, kwani ncha yake hukata nyaya nyembamba za ubao.

• Pasta ya zamani ifutwe kwa spiriti ya isopropili, na pasta mpya, inayojaza nafasi za hewa kati ya chipseti na bati, iwekwe kiasi cha punje ya mchele.

Kompyuta isiwashwe kabla ya kuhakikisha kwamba kipoza hakichezi na waya wa feni umeunganishwa.