Aliyenyamaza Aonwe Kwanza: Mafunzo Niliyopata Zamu ya Usiku

Nimestaafu uuguzi baada ya miaka mingi ya kupokea wagonjwa wa dharura wilayani Same, Tanzania. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii na mnaotaka kuifanya vizuri, kuhusu mgonjwa anayesahaulika upesi pale mapokezi: aliyejaribu kujiua, au anayewaza kujiua.

1. Kelele si kipimo cha hatari

Usiku mmoja wa masika gari liliteremka kutoka Chome na wagonjwa wawili. Kijana aliyevunjika mkono alikuwa analia mpaka nje. Mama wa makamo aliyekunywa sumu alikaa kwenye benchi, kanga imemfunika nusu ya uso, kila swali anajibu "sijambo". Sote tulimkimbilia kijana. Sista mkuu wa zamu akatupita, akamshika mama mkono, akamtazama mboni za macho, akasema: "Huyu kitandani, sasa hivi."

Nilishangaa, maana sikuona ugonjwa. Kumbe sumu nyingine humwacha mtu akionekana mzima saa za mwanzo huku mwili ukiharibika ndani. Katika mfumo wa rangi wa kupanga wagonjwa wa dharura ulioanzia Afrika Kusini, aliyekunywa sumu hupewa rangi ya chungwa hata kama ametembea mwenyewe, na anatakiwa kuonwa ndani ya dakika 10. Kwetu sababu ni kubwa zaidi: anayeshuka milimani wakati wa mvua ameshapoteza saa nyingi njiani.

2. Uliza waziwazi

Wengi huogopa kwamba swali litampa mtu wazo. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kuwa kuuliza hakumchochei mtu kujiua. Mzee mmoja, mkulima wa tangawizi kutoka Mamba, aliletwa kwa maumivu ya kifua. Vipimo havikuonyesha kitu. Nikamuuliza: "Baba, umewahi kufikiria kujiua?" Akavua kofia, akaiweka magotini. "Ndiyo, sista. Tangu tumzike mama yao."

Aliyejibu hivyo haachwi peke yake, hata akienda chooni. Vitu vya hatari huondolewa karibu naye, na ndugu anayemwamini hukaa naye, hata kama anachosubiri ni gari la rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi.

3. PF3, fomu ya polisi, isitangulie dripu

Kifungu cha 217 cha Kanuni yetu ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana ndugu husema "alikunywa kwa bahati mbaya", na uongo huo huchelewesha tiba. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hii Januari 2025. Natamani nasi tufike huko. Kwa sasa, waite ndugu pembeni, waambie kazi yako ni tiba, kisha waombe chupa au pakiti ya kile alichokunywa.

4. Ruhusa ya kwenda nyumbani si mwisho wa kazi

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu watu 1,867 waliofika idara za dharura baada ya kujaribu kujiua, katika nchi za Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Kundi moja lilipata mazungumzo ya saa moja, kisha likafuatiliwa kwa simu au kutembelewa kwa miezi 18. Waliokufa kwa kujiua katika kundi hilo walikuwa asilimia 0.2; katika kundi lililopata huduma ya kawaida, asilimia 2.2. Hakuna dawa ya bei kubwa iliyotumika hapo. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajapanda gari la Vudee au Mbaga, andika namba yake, ya ndugu yake, na ya mhudumu wa afya wa kijiji chake. Piga wiki hiyohiyo.

Na kama wewe unayesoma ndiye unayewaza kujiua, njoo hospitali leo, useme hivyohivyo dirishani. Ukishindwa kufika, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure. Hiyo ni dharura kamili, nawe una haki ya kupokewa kwanza.