Somo la 14: Viambishi vya Masharti katika Mpango wa Ziara

Malengo ya somo

Baada ya somo hili mwanachuo aweze:
(a) kutofautisha matumizi ya viambishi -ki-, -nge- na -ngali-;
(b) kukanusha kila kimoja ipasavyo;
(c) kuwaongoza wanafunzi wake waandike mpango wa ziara usio na utata.

Utangulizi

Viambishi vya masharti mara nyingi hufundishwa kwa sentensi moja moja zisizo na muktadha. Mwanafunzi hukariri sentensi hizo na kufaulu zoezi, lakini huvichanganya viambishi vyote mara anapotakiwa kuandika insha. Sababu ni kwamba hajaviona vikifanya kazi. Katika somo hili tumechagua kazi ya kupanga ziara, kwa kuwa kila mpango hugusa mambo ya aina tatu: yanayoweza kutokea, yanayowazwa tu, na yale ambayo nafasi yake imekwisha kupita.

Mahali tulipochagua ni pa mbali: Hifadhi ya Taifa ya Badlands, katika jimbo la South Dakota, Marekani. Tumefanya hivyo makusudi. Tungaliandika kuhusu hifadhi anayoijua mwanafunzi, angalijaza mapengo kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Hapa hana kumbukumbu ya kumsaidia. Hana budi kuitegemea lugha.

Kifungu cha kusoma

Hifadhi ya Badlands ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 980. Ilianza kulindwa kama eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka 1939, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1978. Walakota, wenyeji wa nchi hiyo, waliiita mako sica, yaani ardhi mbaya, kwa sababu maji ni haba, nchi imekatwakatwa na makorongo, na joto na baridi huzidi kiasi. Miamba yake ni matabaka ya udongo, mchanga na majivu ya volkano. Ni laini, na mmomonyoko huila kwa takriban sentimita 2.5 kila mwaka.

Mtakapofika, anzieni kwenye kituo cha wageni cha Ben Reifel. Jazeni chupa zenu hapo, kwani katika njia za miguu hamna maji ya kunywa. Mkienda mwezi wa Julai, mtakuta joto linaloweza kupita nyuzi 38 za Selsiasi; kwa hiyo tembeeni asubuhi na mapema. Mkiwa na watoto wadogo, wapelekeni kwenye njia ya Door, ambayo ni fupi na mwanzo wake umetandikwa mbao. Njia ya Notch ina ngazi ya magogo na hupita kandokando ya genge. Anayeogopa kimo asiipande. Mvua ikinyesha, udongo huwa utelezi kama sabuni. Radi ikianza kunguruma, shukeni kutoka vileleni bila kungoja. Mkimwona nyati wa Marekani, msimkaribie, hata akionekana mpole. Mkisikia mlio kama wa njuga nyasini, simameni, kisha mrudi nyuma polepole: huyo ni nyoka mwenye sumu.

Mkiona kisukuku, msikiguse. Mwaka 2010 msichana wa miaka saba aliona mfupa ukichomoza ardhini karibu na kituo cha wageni, akawaarifu wafanyakazi wa hifadhi. Ulipochimbuliwa, likaonekana fuvu la mnyama wa kale mla nyama, mfano wa paka mwenye meno marefu. Angaliling'oa na kulichukua, wataalamu wasingalijua lilitoka katika tabaka lipi, na sehemu kubwa ya maana yake ingalipotea.

Uchambuzi wa sarufi

1. Kiambishi -ki-

Kiambishi hiki huonyesha sharti linaloweza kutimia. Mwandishi hajui kama mvua itanyesha, lakini anajua kwamba yawezekana. Ndiyo maana maagizo mengi ya kifungu yamebebwa na -ki-.

Linganisha "Mtakapofika" na "Mvua ikinyesha". Kwa mwandishi wa mpango, kufika ni jambo la hakika; kinachosubiriwa ni wakati wake tu, kwa hiyo ametumia -po- ya wakati. Mvua si ya hakika, kwa hiyo ametumia -ki-. Kwa kweli -ki- huweza pia kudokeza wakati, lakini mwandishi makini huitumia tofauti hii kumwonyesha msomaji lipi ni la ratiba na lipi ni la tahadhari.

Tuangalie pia "aliona mfupa ukichomoza". Hapa -ki- si ya masharti. Inaonyesha tendo lililokuwa likiendelea wakati wa tendo jingine. Mwanafunzi apimwe kwa swali hili: je, naweza kutanguliza neno "iwapo" bila kuharibu maana? Asipoweza, hiyo si -ki- ya masharti.

Ukanushi wa -ki- ya masharti ni -sipo-: "Msipobeba maji, mtarudi kabla ya kufika."

2. Kiambishi -nge-

Hiki huonyesha sharti linalowazwa, ambalo kwa sasa halipo: "Tungekuwa na siku tatu, tungetembelea pia upande wa kusini, ulio ndani ya ardhi ya Walakota wa Oglala." Msomaji anaelewa mara moja kwamba siku tatu hazipo. Kiambishi hujirudia katika vishazi vyote viwili. Ukanushi wake ni -singe-: "Tusingekuwa na gari, tusingefika."

3. Kiambishi -ngali-

Hiki huonyesha sharti ambalo nafasi yake imepita. Msichana hakuling'oa fuvu. Sentensi inatuonyesha hasara ambayo haikutokea. Nacho hujirudia katika vishazi vyote, na hukanushwa kwa -singali-. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Na -ngali- ndicho kiambishi cha majuto. Mpango mzuri huandikwa kwa -ki- leo ili kesho asiwepo mtu wa kusema "tungalijua".

Wazungumzaji wengi wa leo hutumia -nge- hata kwa jambo lililopita, na wengine husema -ngeli- badala ya -ngali-. Mwalimu asiwakemee wanafunzi kwa mazungumzo ya namna hiyo. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, awatake wadumishe tofauti tuliyoieleza.

4. Vitenzi vya silabi moja

Vitenzi kama -la, -nywa na -ja hupoteza ku- vinapochukua -ki-, lakini huibakiza pamoja na viambishi vingine vya masharti:

ukinywa, si *ukikunywa
usipokunywa, si *usiponywa
ungekunywa, si *ungenywa
ungalikunywa, si *ungalinywa

Makosa ya kawaida

*"Tungebeba maji ya kutosha, tutafika." Vishazi havipatani: cha kwanza kinasema maji hayapo, cha pili kinaahidi kufika. Sahihi: "Tukibeba maji ya kutosha, tutafika."

*"Mngemwona nyati, msimkaribie." Kosa hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kiambishi -nge- kinamwambia msomaji kwamba nyati hawapo, ilhali kishazi cha pili kinamwonya dhidi yao. Msomaji akikiamini kiambishi, atalidharau onyo. Mwalimu anaposahihisha kosa la aina hii asitosheke na kupiga mstari mwekundu. Amwonyeshe mwanafunzi kwamba maana imepinduka na kwamba mtu angeweza kudhurika.

Mwongozo wa ufundishaji

Kabla ya kutaja jina la kiambishi chochote, tunashauri mwalimu aandike ubaoni maswali matatu: Je, jambo hili laweza kutokea? Je, tunaliwaza tu? Je, nafasi yake imepita? Kisha awasomee wanafunzi sentensi za kifungu, nao waziweke chini ya swali linalofaa. Wakimaliza, waulizwe ni sehemu gani ya neno iliyowaongoza. Kwa njia hiyo kanuni itatoka vinywani mwao wenyewe, na mwalimu atabaki na kazi ya kuipanga tu.

Mazoezi

1. Orodhesha vitenzi vyote vyenye -ki- katika kifungu. Eleza ni kipi au vipi si vya masharti.
2. Kanusha: (a) Mkija mapema, mtaona mapambazuko. (b) Tungekuwa na ramani, tungepita korongoni. (c) Mngalishuka, mngaliloa.
3. Eleza tofauti ya maana: (a) Ukinywa maji hayo, utaugua. (b) Ungekunywa maji hayo, ungeugua. (c) Ungalikunywa maji hayo, ungaliugua.
4. Chagua hifadhi moja ya nchi yako. Andika mpango wa ziara ya siku moja wenye maagizo sita ya tahadhari. Badilishana na mwenzako, naye aeleze kila kiambishi cha masharti ulichotumia kimemwambia nini.
5. Andaa kipindi cha dakika 40 cha kufundisha tofauti ya -ki- na -nge- kwa wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza si Kiswahili.