SOMO LA SHERIA: Aliyeuziwa Shamba Lisilokuwa la Muuzaji



Msimu ukimalizika, karafuu zikishauzwa na wachumaji wakishalipwa haki yao, aliyebakiwa na chochote hufikiri kuongeza shamba. Na hapo ndipo huja watu wenye mashamba ya kuuza, baadhi yao wakiuza yasiyokuwa yao. Somo letu la leo ni kwa yule aliyekwisha kudanganywa. Ajue kuwa sheria imemfungulia milango miwili, na kuingia mmoja hakumkatazi kuingia wa pili.

Tutoe mfano. Mkulima amelipa shilingi 12,000,000 kwa shamba la mikarafuu 30. Muuzaji alimwambia kuwa shamba ni lake peke yake, akamwonyesha na karatasi yenye sahihi ya sheha. Mwezi wa pili wakatokea ndugu zake wanne: shamba ni la marehemu baba yao, mirathi haijagawiwa, wala wao hawakuuza. Sheha naye akasema, “Sahihi hii si yangu.”

Mlango wa kwanza: jinai

Hapa yako makosa mawili. La kwanza ni kujipatia fedha kwa udanganyifu. La pili ni kughushi karatasi na kuitumia. Makosa ya namna hii yanashughulikiwa na Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Na. 6 ya 2018. Mkulima huyu hupeleka khabari polisi, na mashtaka huendeshwa na Serikali kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mkulima ni mlalamikaji na shahidi tu. Kesi si yake. Kwa hivyo, hata akisuluhishwa na muuzaji barazani, hawezi kuifuta kwa neno lake peke yake.

Lakini angalieni jambo moja. Si kila ahadi iliyovunjwa ni udanganyifu wa jinai. Lazima muuzaji awe amesema uwongo juu ya jambo lililopo au lililokwisha pita, naye akijua kuwa ni uwongo, na kwa uwongo huo akapewa fedha. Aliyesema “shamba ni langu” hali akijua si lake, huyo ameingia. Ama aliyesema “nitakukabidhi shamba baada ya mwaka,” akachelewa, huyo kwa kawaida ni mtu wa kudaiwa, si wa kufungwa. Wala tusiwafanye polisi kuwa wakusanyaji wa madeni. Kupeleka kwao khabari ya uwongo ni kosa vile vile.

Mlango wa pili: daawa

Kesi ya jinai humwadhibu mkosaji. Haimpi mkulima shamba. Hata pale mahkama inapoweza kuamuru fidia, si busara kuitegemea hiyo tu. Fedha zake, khasara yake, na amri ya kuzuia shamba lisiuzwe tena, hivyo hutafutwa kwa daawa. Mashauri ya haki za ardhi huko kwetu yana Mahkama yake ya Ardhi, iliyowekwa kwa Sheria Na. 7 ya 1994.

Na ajue mapema kuwa muuzaji hawezi kutoa asichokuwa nacho. Mkulima wetu huenda akarejeshewa fedha, lakini sehemu za wale ndugu wanne hawezi kuzipata kwa mkono wa ndugu wa tano.

Milango miwili inavyokwenda pamoja

(1) Vipimo vya ushahidi si sawa. Katika jinai, kosa lithibitishwe pasi na shaka ya maana. Katika daawa yatosha kuwa maneno ya upande mmoja yana uzito zaidi. Basi muuzaji akiachiwa huru katika jinai, usikate tamaa. Daawa yako yaweza kusimama.

(2) Usingoje mmoja umalizike. Muda wa kufungua daawa hausimami kwa sababu tu polisi wanapeleleza, na fedha za mlaghai hazikai.

(3) Hati asili huenda zikachukuliwa na polisi kuwa kielelezo. Toa nakala kabla ya kuzikabidhi, na uandike nani alizipokea na siku gani.

(4) Maneno yako yawe mamoja pande zote mbili. Ukisema huku ulilipa milioni 12 na kule milioni 10, umemsaidia aliyekudhulumu.

Kinga kabla ya kununua

Kumbukeni kwamba kwa Sheria ya Ardhi Na. 12 ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa masharti, na hazikutolewa ziuzwe. Shamba la wakfu haliuzwi. Aliyekodi mikarafuu kwa msimu mmoja ana karafuu za msimu huo tu, hana miti wala ardhi.

Basi, kabla ya kutoa fedha, nenda kwa sheha mwenyewe, usiridhike na sahihi yake. Waulize majirani wa mipaka yote minne. Uliza kwa Kadhi kama mirathi imegawiwa, na ofisi ya ardhi kama pana hati. Ukilipa, lipa mbele ya mashahidi na upewe risiti. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila khabari.

Maswali ya kuzungumza mkutanoni

1. Muuzaji amefungwa miaka miwili. Je, shamba limekuwa la mnunuzi?
2. Muuzaji amerejesha fedha zote. Je, kosa la kughushi limefutika?
3. Katika shehia yenu, ni mashamba mangapi ambayo mirathi yake haijagawiwa hadi leo?

Swali la tatu lijibiwe kwa haraka kuliko yote, kwani huko ndiko mlaghai anakotafuta riziki yake.