Imani Haiogopi Akili

Ndugu msomaji, wako watu wadhanio kwamba imani huanza pale akili inapokoma. Basi na tulitazame jambo lililotokea Madina mwaka 632. Siku aliyofariki Ibrahimu, mwana mdogo wa Mtume Muhammad s.a.w., jua lilipatwa. Watu wakasema kwamba limepatwa kwa ajili ya kifo hicho.

Lau angalikuwa mwongo, angalinyamaza tu, na utukufu wake ungalizidi machoni pa watu. Lakini Mtume s.a.w., ijapokuwa alikuwa katika huzuni ya mzazi, aliikanusha dhana hiyo hadharani. Alifundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Na waumini waonapo hivyo, wasali.

Leo wataalamu huhesabu siku na saa ya kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, na hesabu hiyo haimzuii Mwislamu kusimama katika sala. Akili humwonyesha njia ya mwezi. Imani humkumbusha Yule aliyeiweka njia hiyo.

Kwa hiyo, ukisikia habari isiyo ya kweli, ikatae, hata kama inaisifu dini yako. Dini ya haki haihitaji kuegemezwa juu ya uwongo.