Kujifukiza Nyumbani: Kuchagua Chombo, Kutumia Mvuke kwa Usalama na Kutambua Wakati wa Kuacha

Utangulizi

Kila inapofika miezi ya Juni na Julai, baridi hushuka juu ya nyanda za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang, ambao kilele chake hupita mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Pamoja na baridi huja mafua, kikohozi na vifua vinavyobana. Si jambo geni katika kaya za wilaya hizi mbili sufuria ya majani kutengwa jikoni kabla mgonjwa hajafikiriwa kupelekwa zahanati. Majani ya mkaratusi, mchaichai, maganda ya limau na tangawizi huchemshwa pamoja, kisha mgonjwa hujifunika blanketi na kuvuta mvuke. Wengine huiita nyungu, wengine husema tu kujifukiza. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, viongozi wa nchi walihimiza njia hii hadharani, na watu wengi ambao hawakuwahi kuitumia waliianza kwa mara ya kwanza, pengine bila mtu wa kuwaelekeza.

Somo hili halikusudii kuwabeza wanaojifukiza, wala kuwapamba. Hoja yake ni moja: mvuke huweza kumpa mtu nafuu ya muda, lakini hautibu ugonjwa uliomo ndani ya mapafu. Kwa hiyo chombo bora ni kile kisichomwagika kwa urahisi, na kujifukiza kunakokubalika ni kule kusikochelewesha safari ya kwenda kwenye tiba.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kueleza mvuke hufanya nini na haufanyi nini. Kuchagua chombo salama. Kufuata hatua za matumizi. Kuwatambua wasiopaswa kujifukiza. Na kutambua dalili zinazomtaka mgonjwa aondoke nyumbani mara moja.

Mvuke hufanya nini mwilini

Hewa yenye joto na unyevu hulainisha kamasi na kupunguza ukavu wa pua na koo. Mafuta yaliyomo katika majani ya mkaratusi, hasa kemikali iitwayo sineoli, huamsha hisia ya ubaridi puani, na mgonjwa huhisi njia ya hewa imefunguka. Hisia hiyo ni ya kweli na humpa faraja, lakini kuhisi pua imefunguka si sawa na kupona.

Mvuke hauui virusi wala bakteria waliokwisha kuingia katika tishu. Joto la kuwaua wadudu hao lingeiunguza kwanza ngozi laini ya pua na koo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2017 kuhusu hewa ya joto yenye unyevu kwa mafua ya kawaida hayakupata ushahidi kwamba inatibu mafua. Mafua mengi huisha yenyewe kwa siku saba hadi kumi, na ndiyo sababu aliyejifukiza huamini kuwa nyungu ndiyo iliyomponya.

Mvuke si moshi

Watu wengine hawachemshi majani, bali huyaweka makavu juu ya makaa na kuvuta kinachopanda. Kinachopanda hapo ni moshi. Jani linapoungua hutoa lami, chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na gesi ya kaboni monoksidi inayoinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni. Katika nyumba ambayo tayari ina moshi wa kuni kutwa nzima, moshi wa majani huongeza mzigo juu ya mzigo. Kwa mwenye pumu, kivuto kimoja huweza kuanzisha shambulio.

Siku hizi vipo pia vifaa vya umeme au betri vinavyopasha majani makavu joto bila kuyawasha moto. Ni kweli kwamba jani lisiloungua hutoa lami kidogo kuliko linaloungua. Hata hivyo, kupungua kwa madhara hakukifanyi kifaa kuwa dawa. Mtumiaji huvuta vitu ambavyo kiasi chake hakikupimwa, kutoka katika jani ambalo pengine halikutambuliwa vizuri. Majani ya jamii ya datura, kwa mfano, yaliwahi kuvutwa katika nchi nyingi kwa ajili ya pumu, lakini huleta ukavu wa kinywa, mboni za macho kupanuka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ieleweke pia kwamba bangi ni marufuku nchini Tanzania chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iwe imevutwa kwa msokoto au kwa kifaa. Kwa mgonjwa wa kifua, hakuna sababu ya kitabibu ya kununua kifaa cha namna hiyo.

Kuchagua chombo

Hatari kubwa ya kujifukiza nyumbani ni maji yenyewe. Mahali penye mwinuko wa mita 1,800, maji huchemka kwa takriban nyuzijoto 94 badala ya 100, lakini tofauti hiyo haimlindi mtu. Maji ya nyuzijoto 60 huweza kuiunguza ngozi ya mtu mzima hadi ndani kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto, iliyo nyembamba, huungua mapema zaidi.

Chombo kinachofaa kina sifa hizi: kitako kipana, uzito wa kutosha, kuta ndefu kiasi, na maji yasiyozidi nusu yake. Jagi zito au sufuria yenye mikono miwili ni bora kuliko bakuli jepesi la plastiki. Njia rahisi ya kuongeza usalama ni kukitua chombo ndani ya beseni pana, ili kikiyumba maji yabaki kwenye beseni badala ya mapajani mwa mgonjwa. Mashine ndogo za mvuke za umeme hupunguza kiasi cha maji ya moto, lakini nazo huweza kupinduka, na maji yaliyo ndani yake huunguza vilevile.

Kisichofaa kabisa ni sufuria iliyo bado juu ya jiko la mkaa ndani ya blanketi au chumba kilichofungwa. Hapo mgonjwa hukabiliwa na hatari tatu kwa pamoja: maji, moto na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wa chumba kimoja chenye jiko, watoke nje mara moja na kwenda kituo cha tiba.

Hatua za matumizi kwa mtu mzima

1. Maji yachemshwe jikoni, kisha chombo kiondolewe motoni na kutuliwa ndani ya beseni, juu ya meza imara isiyoyumba. Watoto wakae chumba kingine.

2. Maji yaachwe yapoe kwa dakika tano hadi kumi. Mvuke ukiuma unapogusa mkono, bado ni mkali kwa uso.

3. Ukufi mmoja wa majani yanayojulikana, yaliyooshwa, watosha. Mafuta ya mkaratusi ya chupa yasinywewe kamwe, na yawekwe mbali na watoto. Kiasi kidogo kikimezwa na mtoto huweza kuleta degedege.

4. Mgonjwa aketi, afumbe macho, na uso ukae umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye maji. Blanketi zito si la lazima, kwani humzuia mtu kuona na kujinasua haraka.

5. Avute pumzi za kawaida kwa dakika tano hadi kumi. Akihisi kizunguzungu, moyo kwenda mbio au kifua kubana zaidi, aache.

6. Maji yamwagwe mara baada ya kumaliza. Ajali huweza kutokea hata baada ya mgonjwa kuondoka, pale mtoto anapolifikia beseni.

Wasiopaswa kujifukiza

Watoto wadogo wasifukizwe. Hawawezi kutulia, hawawezi kusema kwamba wanaungua, na harufu kali ya mentholi au mkaratusi huweza kubana koo la mtoto mchanga. Kwa pua iliyoziba, matone ya maji safi yaliyochemshwa na chumvi kidogo kisha kupozwa, pamoja na kunyonyesha mara kwa mara, yafaa zaidi. Wengine wa kujiepusha ni wenye kifafa, wenye kuzirai, wazee dhaifu walio peke yao, na wenye pumu.

Kwa mwenye pumu, kilichothibitishwa ni dawa ya inhela inayovutwa kupitia chemba. Chemba hiyo si lazima iwe ya bei kubwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake mjini Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, huwapa nafuu watoto wenye shambulio la pumu sawa na chemba ya kiwandani. Mhudumu huweza kuitengeneza pamoja na mzazi kwa muda mfupi.

Mfano wa mafunzo

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafika katika kaya moja kando ya njia ya Dongobesh kwenda Haydom. Anamkuta bibi akiandaa nyungu kwa mjukuu wa miaka mitatu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umenikuta namfukiza huyu. Kifua kimembana tangu juzi.”

“Pole sana, bibi. Naomba nimhesabie pumzi kwanza, kabla hujamfunika.”

Anasubiri mtoto atulie, anapandisha shati lake, na kuhesabu kwa dakika nzima. Zinafika 48.

“Bibi, mtoto wa umri huu akifika pumzi 40 kwa dakika, tunahofia nimonia. Mvuke huu hautafika mahali ugonjwa ulipo. Twende zahanati sasa hivi.”

“Na dawa yangu niimwage?”

“Iache ipoe mahali asipofika mtoto, bibi. Umefanya vyema kuliona tatizo mapema. Ila huyu anahitaji dawa ya zahanati leo, si kesho.”

Zahanati inathibitisha nimonia, mtoto anapewa amoksilini, na bibi anafundishwa dalili za kumrudisha. Mhudumu hakuitukana nyungu. Alihesabu pumzi, akaeleza sababu, akaitunza heshima ya bibi. Angeanza kwa kukemea, safari ijayo bibi angemficha mtoto.

Dalili za kuacha sufuria na kuondoka

Mgonjwa apelekwe kituo cha tiba bila kusubiri iwapo kuna mojawapo ya haya:

– Pumzi za haraka: 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59.
– Kifua cha mtoto kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege au kulegea.
– Midomo kubadilika rangi kuwa ya buluu, au mtu mzima kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi.
– Kukohoa damu, au kikohozi cha wiki mbili na zaidi. Hapo kipimo cha kifua kikuu ni cha lazima. Huduma yake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Katika vijiji vya mbali, kama vile vya bonde la Yaeda, uamuzi wa saa kumi jioni ni tofauti na ule wa saa nne usiku. Mvua ikikata njia, umbali wa kufika Mbulu mjini, Katesh au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, huongezeka maradufu. Heri kwenda mapema na kurudishwa nyumbani.

Akiungua

Mgonjwa aondolewe kwenye maji, avuliwe nguo iliyolowa na mapambo, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Jeraha limwagiwe maji safi ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine ya mwili ikifunikwa ili asipate baridi. Dawa ya meno, yai, mafuta na udongo visipakwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Kila mtoto aliyeungua, na kila mtu aliyeungua uso, mikono, viungo au sehemu za siri, apelekwe kituo cha tiba. Sauti ikikwaruza au pumzi ikitoa mlio baada ya kuvuta mvuke wa moto, hiyo ni dharura, kwani koo huweza kuvimba na kuziba.

Hitimisho

Mtu mzima mwenye mafua ya kawaida, aliyeketi mbele ya jagi zito ndani ya beseni, anaweza kujifukiza na kupata nafuu yake. Mtoto anayehema haraka hana nafasi mbele ya sufuria hiyo. Mhudumu wa afya afundishe mambo hayo mawili kwa pamoja, maana likifundishwa moja tu, ama jamii itamwona adui wa mila, ama mtoto atachelewa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mgonjwa wa mafua huhisi nafuu baada ya kujifukiza ingawa ugonjwa haujatibiwa?
2. Taja sifa nne za chombo salama, na ueleze kazi ya beseni.
3. Mtoto wa miezi minane ana pumzi 54 kwa dakika. Mzazi anataka kumfukiza. Utamwambia nini, na kwa maneno gani?