Chakula kwa Wakati Wake

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Timotheo 5:23; Matendo 19:11, 12; Mhubiri 10:16, 17; Mithali 25:16; 2 Wafalme 20:1–7; Wakolosai 4:14.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

SABATO MCHANA

Timotheo alikuwa mchungaji kijana huko Efeso, na tumbo lilimsumbua. Habari hiyo imo katika fungu moja fupi, ambalo Paulo alilipenyeza katikati ya maagizo kuhusu wazee wa kanisa. Fungu hilo limebishaniwa sana kwa sababu ya kile ambacho Timotheo aliambiwa atumie. Neno la Kiyunani lililopo hapo hubeba maana ya maji ya zabibu yaliyochacha na yasiyochacha pia, na waandishi wengi wa Kiadventista wamelielewa kwa maana ya pili. Lakini ubishi huo umefunika swali lililo wazi zaidi: Paulo alifanya nini alipojua kwamba mtumishi mwaminifu anaugua mara kwa mara?

Hakumwambia kwamba imani yake ni haba, wala hakumwambia avumilie tu. Katika mji uleule wa Efeso, vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo vilikuwa vimepelekwa kwa wagonjwa nao wakapona. Hata hivyo kwa Timotheo hakutuma kitambaa. Alimpa ushauri kuhusu kinywaji chake cha kila siku.

Juma hili somo linahusu ugonjwa unaowanyima usingizi washiriki wengi, nao huona haya kuutaja: kiungulia.

JUMAPILI: Moto wa Kifuani

Tumbo hutengeneza asidi kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Ukuta wake umewekewa ute mzito wa kuukinga, lakini umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni, hauna kinga ya namna hiyo. Mahali vinapokutana pana msuli wa mviringo unaofunguka ili chakula kishuke, kisha hujifunga. Msuli huo ukilegea, au tumbo likijazwa kupita kiasi, asidi hupanda. Mtu husikia moto nyuma ya mfupa wa kifua, uchachu mdomoni, na pengine kikohozi cha usiku kisichoeleweka.

Wengi hukiita hicho “vidonda vya tumbo” bila kupimwa, na hapo ndipo matibabu hupotea njia. Kidonda ni jeraha katika ukuta wa tumbo au wa utumbo mdogo. Mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu zinazomezwa kwa muda mrefu. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi wa bakteria huyo na kazi yake katika vidonda. Anatibiwa kwa antibiotiki. Kubadili chakula hakumwondoi. Kiungulia, kwa upande wake, hufuata sana namna mtu anavyokula na kulala.

JUMATATU: Saa ya Kula

Soma Mhubiri 10:16, 17. Mhubiri anahesabu kuwa ni heri kwa nchi wakuu wake wakila kwa saa ifaayo na kwa kusudi la kupata nguvu. Kwa nini jambo dogo kama saa ya kula liwekwe kwenye hesabu ya heri na ole za taifa zima?

Mkazi wa Kibaha anayefanya kazi Dar es Salaam hutoka nyumbani saa 11 alfajiri. Anakunywa chai na chapati kituoni, mchana anakula chipsi na soda, jioni anakaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Anafika mlangoni saa 3 usiku. Ugali umefunikwa mezani, na kabla ya saa 4 amelala. Mkulima wa Maneromango au Masaki, wilayani Kisarawe, hana foleni ya kumchelewesha, lakini siku yake huishia palepale: kikombe cha chai asubuhi, jembe hadi alasiri, kipande cha muhogo wa kuchoma shambani, kisha mlo mmoja wa maana usiku. Maisha yao hayafanani, ila kitandani matumbo yao yanafanana.

Mtu akiwa wima, uzito wa chakula wenyewe husaidia kukibakiza chini. Akilala na tumbo limejaa, msaada huo haupo. Ndiyo maana madaktari hushauri zipite kama saa 3 kati ya mlo wa mwisho na usingizi. Ellen White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, aliitaja desturi ya kula muda mfupi kabla ya kulala kuwa ni madhara makubwa.

Lakini kumwambia mtu anayefika saa 3 usiku kwamba ale saa 12 jioni ni kama kumcheka. Linalowezekana ni kuhamisha uzito wa siku. Wali na maharage vilivyobebwa kutoka nyumbani vinaweza kuwa mlo mkubwa wa mchana. Jioni, kabla ya safari, ndizi mbivu au papai. Usiku, bakuli la uji au viazi vitamu viwili na mboga, basi. Hili linahitaji kuzungumzwa ndani ya nyumba, maana sahani iliyojazwa ni heshima, na mama aliyeisubirisha hadi saa 3 anaweza kudhani chakula chake kimedharauliwa. Ibada ya jioni ikifanywa baada ya kula badala ya kabla, nusu saa tayari imepatikana mtu akiwa ameketi wima.

Kwa anayesumbuliwa usiku, miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai sana, kwa kuwa hukunja kiuno na kulibana tumbo. Kulalia ubavu wa kushoto husaidia wengi.

JUMANNE: Asali Nayo Ina Kipimo

Mithali 25:16 haikatazi asali. Inakataza kuila mpaka itapikwe. Mwadventista asiyegusa pombe wala kahawa anaweza kujiona amemaliza suala la kiasi, huku mbele yake pana sahani ya muhogo wa kukaanga unaong'aa mafuta na chupa ya soda. Mafuta mengi hukawiza chakula tumboni, na gesi ya soda hulitanua tumbo. Muhogo uleule wa Kisarawe ukichemshwa ni chakula kingine kabisa.

Pilipili, nyanya, nanasi na ndimu huwachoma baadhi ya watu na kuwaacha wengine salama, hivyo orodha ya jirani si sheria. Afadhali mtu aandike kwenye daftari, kwa majuma 2, alichokula, saa aliyokula na jinsi alivyolala.

Na chakula cha Sabato? Katika kitabu hichohicho Ellen White alishauri kwamba meza ya Sabato isiwe na wingi kuliko siku nyingine; iwe nyepesi zaidi, ili akili iwe macho. Anayetaka kujua kama ushauri huo unafuatwa na aingie darasa la alasiri kanisani baada ya pilau.

JUMATANO: Neno “Asili”

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alimwahidi Hezekia uponyaji, na bado Isaya akaagiza andazi la tini. Mimea ni ya Mungu. Hata hivyo halitokani na hapo kwamba kila kinachotoka ardhini ni dawa.

Maji ya ndimu ni asidi juu ya asidi. Magadi hutuliza kwa muda mfupi, lakini yana chumvichumvi nyingi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu. Maziwa hupoza, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Mshubiri unaweza kuharisha vibaya, na mjamzito asiuguse.

Mjamzito ndiye hasa wa kutazamwa, kwa kuwa mimba hulegeza ule msuli na kulisukuma tumbo juu. Wengi hutafuna pemba, udongo unaouzwa sokoni. Watu wa Kisarawe wanaoijua milima ya Pugu kwa udongo wake mweupe wa kaolini hawashangai kusikia kwamba kaolini imewahi kutumika katika dawa za tumbo. Lakini dawa husafishwa na kupimwa; udongo wa sokoni haukupimwa. Unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi, tena huzuia mwili kupokea madini ya chuma wakati ambapo mama na mtoto wanayahitaji sana. Aende kliniki akaeleze. Zipo dawa salama za kiungulia kwa wajawazito.

Mshiriki anayeuza chupa za dawa ya tumbo makambini kwa kusema “haina kemikali” aulizwe maswali anayoulizwa mwenye duka la dawa. Ndani mna nini? Kipimo ni kipi? Nani asiitumie? Tiba za asili zisizo na shaka hazina faida ya kuuza: kutafuna polepole, kutembea kidogo baada ya kula, kulegeza mkanda au kanga kiunoni, kupunguza uzito uliozidi.

ALHAMISI: Luka Naye Alikuwapo

Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), na alisafiri naye. Kuna dalili ambazo hazingoji matofali wala daftari: chakula kukwama kooni, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, pamoja na jasho, yanaweza kuwa ya moyo, na hayo ni ya kukimbiziwa hospitali saa hiyohiyo. Kukwama kwa chakula kusipuuzwe hata kidogo, kwa kuwa Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye saratani nyingi ya umio. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Chai na uji vipoe kwanza.

Anayemeza vidonge vya kupunguza asidi mwezi baada ya mwezi bila daktari kumwona aende Tumbi, au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au kituo kilicho karibu, apimwe bakteria na aelekezwe. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu ya somo hili.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Mgonjwa wa muda mrefu kanisani kwenu husikia maneno gani kutoka kwa washiriki? Yalinganishe na yale ambayo Paulo alimwandikia Timotheo.

2. Darasa lipange pamoja milo ya siku moja kwa mtu anayetoka Kibaha saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku, kwa bei za soko lenu.

3. Dada mmoja anakunywa dawa ya chupa, naye ameanza kukonda na chakula kinamkwama. Anasema amemwachia Mungu. Mzee wa kanisa amwambie nini, na nani amsindikize hospitali?